Jagi Moja la Moto, Matatu ya Baridi

Kama ulisoma Fizikia hadi Kidato cha Tatu hapa Kenya, kuna swali ambalo lazima lilikupata. Maji moto kiasi hiki, maji baridi kiasi kile, yamemwagwa kwenye chombo kimoja. Tafuta halijoto ya mwisho. Halafu chini kabisa kuna kile kisentensi: puuza joto linalopotea. Mwalimu anaandika fomula ubaoni, mnanakili, mnabandika namba, mnapata jibu, kesho mnahamia sheria za gesi. Sikumbuki mtu yeyote darasani akiuliza hayo maji yalikuwa ya nini. Kwa vile swali lilikuwa kwa Kiingereza, hata halikufanana na kitu kinachoweza kutokea nyumbani.

Mimi nimekuja kujua ni ya nini nikiwa na miaka 24. Nilitoka chuo kikuu mwaka wa pili bila digrii, na siku hizi kila jioni nahesabu digrii. Cheka tu, hata mimi hucheka.

Hadithi ya chuo ni fupi na umeshaisikia kwa watu wengine. Baba alipoteza kazi, karo ikabaki, baki ikawa deni, na deni likafunga mlango wa chumba cha mtihani. Nilirudi nyumbani Mbooni, kule juu milimani Makueni, nikiwa na begi moja na laptopu ambayo betri yake ilishakufa. Nikaanza kuandikia watu kwa malipo: maelezo ya bidhaa, makala za kampuni nisizozijua, wakati mwingine hotuba ya harusi. Kazi kama hii inaonekana kwa familia kama si kazi. Unakaa tu na simu, si ndiyo? Kwa hiyo wakati familia ilipokaa chini kuuliza nani atakuwa akiambatana na Susu, macho yote yalinigeukia.

Susu ni nyanya yangu, mama yake baba. Mimi ndiye nimepewa jina lake, kwa hivyo ananiita wajina. Umri wake umepita 80, na ana kisukari tangu mimi niko shule ya msingi. Mpango wa familia ni kwamba mwaka wake unagawanywa. Miezi kadhaa anakaa kwetu Mbooni, miezi mingine anakaa kwa shangazi yangu upande wa Kitui, nje kidogo ya Mutomo. Safari ni kushuka hadi barabara ya Mombasa, kukata Kibwezi, kuvuka mto Athi, ambao hapo ndio mpaka wa kaunti hizi mbili, kisha Ikutha, kisha Mutomo. Sisi wote ni Wakamba, lugha ni moja, chakula ni kile kile, isyo na mbaazi. Kinachobadilika ukivuka ni joto. Kule Mbooni mwezi wa saba unalala na sweta. Kule Mutomo mwezi wa tisa hata shuka ni mzigo.

Sasa, kisukari kikikaa mwilini miaka mingi kinaweza kuharibu neva, na mara nyingi huanzia miguuni. Muuguzi alitueleza kliniki: huyu mama anaweza kukanyaga msumari asijue. Anaweza kutia mguu kwenye maji yanayomwunguza akaendelea kupiga stori. Kidonda kikishaanza mguuni, kinakuwa kigumu kupona, na kuna watu wanaokatwa mguu kwa sababu ya kitu kilichoanza kama lengelenge. Alisema tumwangalie nyayo kila siku. Alisema yeye mwenyewe asijipimie maji kwa mguu. Halafu akaita mtu mwingine, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Nyumbani kwetu maji ya Susu yana kanuni. Ni kanuni ya mama yangu, na kabla yake nadhani ilikuwa ya Susu mwenyewe: jagi moja la moto, matatu ya baridi. Unamwaga kwenye beseni kubwa, unakoroga, unatia kiwiko, unaita. Jagi letu ni la lita moja, beseni linachukua lita 12, kwa hiyo ni majagi matatu ya moto na tisa ya baridi. Kanuni hiyo imeogesha watoto wote wa boma letu. Nimeogeshwa nayo mimi.

Tulipohamia Mutomo mwaka jana mwishoni mwa mwezi wa nane, kanuni ilisafiri na sisi. Shangazi anaijua, alikua nayo. Binamu yangu aliyekuwa akiandaa maji anaijua pia. Wiki ya kwanza mimi nilikuwa na kazi ya mteja ya kumaliza, nikawaachia wao jioni. Siku ya nane au ya tisa nilikuwa namkagua Susu nyayo kama muuguzi alivyosema, nikaona ngozi imekuwa nyekundu kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini, kama mtu aliyevaa soksi nyekundu.

“Susu, hapa panauma?”

“Wapi?”

“Hapa chini.”

“Wajina, mimi hapo sijasikia kitu siku nyingi.”

Hakukuwa na kidonda, ashukuriwe Mungu. Lakini usiku huo sikulala vizuri. Nilijiuliza swali rahisi: kanuni ni ile ile, jagi ni saizi ile ile, beseni ni lile lile tulilobeba juu ya matatu. Ni nini kimebadilika?

Asubuhi nilipanda boda hadi sokoni, na duka la tatu nikapata kipimajoto cha maabara, kile cha kioo chenye mstari mwekundu, kilichokuwa kimebaki kwenye sanduku la vifaa vya shule. Kilinigharimu chini ya nauli ya kutoka Mbooni. Nikarudi nikaanza kupima kila kitu, na shangazi akinitazama kama mtu aliyepagawa.

Maji ya tanki kwanza. Tanki la shangazi ni jeusi, la plastiki, linapigwa na jua tangu saa moja. Saa kumi jioni maji yake yalisoma digrii 33. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunaita maji baridi. Maji ya kuchemka kwenye sufuria yalisoma 97. Nikajua kipimajoto si kibovu, kwa sababu maji huchemka digrii 100 pale usawa wa bahari tu, Mombasa au Lamu. Ukipanda, hewa inapungua uzito na maji huchemka mapema, karibu digrii moja chini kwa kila mita 300. Kule kwetu Mbooni, zaidi ya mita 1,500 juu, nilipima baadaye nikapata 94. Vitabu husema 100 kwa sababu haviishi mlimani.

Sasa hesabu. Ukichanganya maji na maji, halijoto ya mwisho ni wastani, lakini wastani wenye uzito. Kila upande unavuta kulingana na wingi wake. Zidisha kiasi cha maji moto kwa joto lake, zidisha kiasi cha maji baridi kwa joto lake, jumlisha, kisha gawanya kwa maji yote kwa pamoja. Jagi moja kwa matatu, Mutomo: 97 mara moja, 33 mara tatu ni 99, jumla ni 196. Gawanya kwa nne. Digrii 49.

Halafu nikafanya ile ya Mbooni mwezi wa saba, ambapo maji ya mtungi asubuhi hushuka hadi 16. 94 mara moja, 16 mara tatu ni 48, jumla 142. Gawanya kwa nne. Digrii 35.5.

Nilikaa pale kwenye ngazi ya jikoni nikiangalia hizo namba mbili. Kanuni moja, bibi mmoja, beseni moja, na tofauti ya digrii 13 na nusu. Kule Mbooni Susu alikuwa akilalamika kwamba tunamwogesha na baridi, na alikuwa anasema kweli, maana 35.5 ni chini ya joto la mwili. Huku Mutomo alikuwa halalamiki hata kidogo. Mgongo ulikuwa unamwagiwa kwa kikombe, maji yanapoa njiani. Miguu ndiyo iliyokuwa inakaa ndani ya beseni dakika kumi, na miguu yake haina simu ya kupiga.

Kwa wale ambao hawajui, maji ya digrii 60 yanaweza kumwunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde chache tu. Ya 49 yanahitaji dakika kadhaa, na ngozi ya mzee ni nyembamba, kwa hiyo kwake ni mapema zaidi. Sisi tungetoa mguu mara moja. Yeye hana sababu ya kuutoa.

Kumwambia shangazi ndiyo ilikuwa kazi. Huyu ni mama aliyelea watoto watano, wote wazima, wote wanafanya kazi. Na mimi ni yule wa chuo aliyerudi.

“Shangazi, nilikuwa naomba tupime maji ya Susu kabla.”

“Tunapima. Kiwiko kiko wapi?”

“Kwa hiki kioo.”

Akakiangalia. “Nimeogesha watoto wangu wote na wa jirani. Hakuna aliyeungua. Leo ndiyo unanifundisha maji?”

Sikutaka kubishana naye, kwa sababu ana haki. Kiwiko si upuzi. Kiwiko cha mtu mwenye neva nzima kimeokoa watoto wengi kuliko vipimajoto. Nikamwomba tu kitu kimoja, tucheze mchezo. Nikaleta beseni tatu ndogo. La kwanza maji ya friji kwa jirani, la pili maji ya tanki, la tatu maji moto kiasi. Nikamwambia atie mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye moto, ahesabu hadi 60, kisha atie yote miwili kwenye beseni la katikati. Mwanafalsafa Mwingereza, John Locke, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1690, na halijazeeka. Shangazi akatia. Akakaa kimya kidogo.

“Huu unasema baridi. Huu unasema moto.”

“Na maji ni mamoja.”

“Maji ni mamoja,” akasema. Halafu akacheka, akampigia kelele binti yake aje ajaribu.

Ngozi haipimi joto lenyewe. Inapima tofauti, na inapima kasi ya joto kuingia au kutoka. Ukiwa umetoka kupika kwenye jiko la makaa saa kumi jioni Mutomo, kiwiko chako kimekaa kwenye hewa ya digrii 35, na maji ya moto yatakwambia si moto sana kama yalivyo. Ukiwa umetoka kuchota maji mtoni Mbooni mwezi wa saba, maji ya 36 yatakwambia ni moto mzuri. Kiwiko cha mama yangu na kiwiko cha shangazi vyote ni vya kweli, lakini kila kimoja kinasema ukweli wa mahali pake.

Jioni hiyo tukaandaa beseni kama kawaida, moja kwa matatu, tukapima pamoja. Hapa nikajifunza mambo mawili ambayo ubaoni hayakuwepo. La kwanza, tulipotia kipimajoto juu bila kukoroga, kilisoma zaidi ya 60. Tulipokizamisha chini, kilisoma 36. Maji moto ni mepesi kuliko ya baridi, ukiyamwaga polepole juu yake yanaelea kama mafuta. Halijoto ya mwisho haipo mpaka ukoroge. Kwa hiyo siku ambayo mtu ana haraka na anamwaga juu juu, unaweza kuwa na moto juu na baridi chini kwenye beseni moja. La pili, baada ya kukoroga vizuri, kipimajoto kilisoma 46, si 49.

Hizo digrii tatu zilikwenda wapi? Nyingine zilipotea sufuria ikitoka jikoni kwenda bafuni, maana maji yanayotoa mvuke yanapoa haraka sana. Nyingine zilipotea hewani jagi likimwaga. Kidogo zilimezwa na beseni lenyewe, ingawa beseni halina njaa kubwa. Kilo moja ya alumini inahitaji takriban juli 900 kupanda digrii moja, wakati kilo ya maji inahitaji kama 4,200. Beseni la alumini la kilo moja ni sawa na kuongeza glasi moja ya maji.

Kile kisentensi cha puuza joto linalopotea nilikuwa nakidharau nikiwa shule. Nilikiona kama njia ya walimu kukwepa maisha halisi. Nani anaweza kupuuza joto linalopotea? Kila kitu hupotea. Lakini fikiria kama mtu anayemwandalia maji mgonjwa. Joto likipotea, maji yanakuwa baridi kuliko hesabu. Hayawezi kuwa moto kuliko hesabu, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kupata joto. Kwa hiyo jibu la fomula ni dari. Ukihesabu 38, beseni litakuwa 38 au chini, halitakuwa 45. Hesabu ikikosea, inakosea upande ambao Susu yuko salama, na kosa la upande huo unalirekebisha kwa nusu jagi.

Siku hizo nilianza kusoma usiku, kwa bando la usiku ambalo ni rahisi. Nikakuta kwamba fomula hii ya wastani wenye uzito iliandikwa vizuri katikati ya karne ya 18 na mtu anayeitwa Georg Wilhelm Richmann, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg kule Urusi. Alikaa akichanganya maji na maji, akipima, akiandika, kama mimi. Mwaka 1753 alikufa akipigwa na radi nyumbani kwake wakati anajaribu kupima umeme wa mawingu. Karne hiyo hiyo, Mskoti Joseph Black akaonyesha kwamba joto na halijoto ni vitu viwili. Ukichanganya maji na zebaki, huwezi kutumia kanuni ya majagi, kwa sababu kilo ya zebaki inahitaji takriban juli 140 tu kupanda digrii moja. Maji yanaivuta zebaki kwa urahisi, zebaki haiyavuti maji.

Kwa hiyo ukichanganya vimiminika viwili tofauti, kila kimoja kinaingia kwenye hesabu na namba yake. Mfano wa jikoni ni chai. Maziwa yanahitaji karibu juli 3,900 kwa kilo. Chukua sehemu tatu za strungi ya digrii 90, ongeza sehemu moja ya maziwa ya digrii 20. Kama yangekuwa maji na maji, ungepata 72.5. Kwa sababu maziwa yana nguvu kidogo chini ya maji, unapata karibu 73.5. Tofauti ya digrii moja, hakuna atakayeisikia. Mafuta ya kupikia ni hadithi nyingine, yana karibu nusu ya nguvu ya maji, lakini mafuta moto na maji usiwahi kuyachanganya, kwa sababu yatakurukia usoni kabla hujamaliza kuzidisha.

Nikamkumbuka pia Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba kule Tanganyika, walikuwa wanatengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Yeye akatia yake kwenye friza ikiwa bado moto, na ikaganda kabla ya ya mwenzake. Akauliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza hadi alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamwuliza Dakta Denis Osborne aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe linatokea kila mara, na mimi sina la kuongeza kwenye ubishi huo. Nililolipenda ni kwamba swali lilitoka kwenye maziwa, na mwenye maziwa hakukubali kulirudisha mfukoni.

Tukarudi kwenye beseni. Shida ya moja kwa matatu ni kwamba inaanza na majagi na kuishia na joto lolote litakalotokea. Sisi tulitaka kuanza na joto, tuambiwe majagi. Ukigeuza fomula inakuwa hivi. Chukua joto unalotaka, toa joto la maji baridi. Chukua joto la maji moto, toa joto la maji baridi. Gawanya la kwanza kwa la pili. Hiyo ndiyo sehemu ya beseni inayofaa kuwa ya moto.

Tulikubaliana 38, tukijua kwamba kwa kupotea itaishia kama 36 au 37 hivi. Mutomo: 38 toa 33 ni 5. 97 toa 33 ni 64. Tano juu ya 64, mara lita 12, ni chini kidogo ya lita moja. Jagi moja! Mbooni mwezi wa saba: 38 toa 16 ni 22, 94 toa 16 ni 78, mara 12, unapata karibu lita tatu na nusu. Kwa hiyo ile kanuni ya mama haikuwa mbaya. Ilitengenezwa mlimani, kwa maji ya mlimani, na ilikuwa karibu kabisa na jibu la mlimani.

Shangazi alishika jambo jingine mimi nikiwa sijalifikiria. “Yaani nimekuwa nachemsha lita tatu na nilihitaji moja?” Lita mbili za ziada, kutoka 33 hadi 97, kila siku. Ukizidisha ni juli 537,600, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kwamba jiko lenyewe linapoteza joto nyingi kuliko linalofika kwenye sufuria. Huku Kitui makaa ni siasa. Mwaka 2018 kaunti ilipiga marufuku biashara ya makaa kwa sababu miti ilikuwa inaisha, na tangu hapo gunia ni kitu unachokizungumzia kwa sauti ya chini. Shangazi hakujali sana Richmann. Lakini makaa yaliyobaki kwenye ndoo mwisho wa mwezi aliyajali.

Nilichora jedwali kwenye karatasi ngumu ya boksi la sabuni. Beseni la lita 12, joto la 38. Maji baridi yakisoma 16, moto ni lita 3.3. Yakisoma 20, ni 2.9. Yakisoma 25, ni 2.2. Yakisoma 30, ni 1.5. Yakisoma 33, ni 1. Nimetumia 95 kama joto la kuchemka ili itumike pande zote mbili za Athi, tofauti inayoletwa ni ndogo. Juu yake binamu yangu aliandika kwa kalamu nyekundu: BARIDI KWANZA, MOTO BAADAYE, KOROGA, PIMA CHINI NA JUU. Baridi kwanza ni muhimu, kwa sababu mtu akiitwa mlangoni katikati ya kazi, beseni lililobaki nusu ni la baridi, si la maji yanayochemka.

Na kiwiko? Kiwiko kimebaki. Shangazi anatia kipimajoto, anasoma, kisha anatia kiwiko, kila siku. Nilimwuliza kwa nini anafanya yote mawili. Akasema kioo kinaweza kuvunjika. Nimefikiri juu ya jibu hilo, na nadhani ni bora kuliko langu. Kiwiko chake sasa kinajifunza 38 ni nini. Siku kipimajoto kikianguka sakafuni, atakuwa na kitu cha kubaki nacho.

Watu huniuliza kama nitarudi chuo. Sijui. Deni bado liko na linaongezeka, na kazi ya kuandika inalipa bando na dawa kiasi, haifiki kwenye karo. Lakini nimeacha kukubali ile kauli kwamba masomo yangu yalipotea. Hayo ya Kidato cha Tatu nilipewa na serikali na wazazi wangu wakauza mbuzi kuyalipia, na yalikuwa yamekaa tu mahali yakingoja maji.

Binamu yangu yuko Kidato cha Tatu mwaka huu. Juzi alileta kitabu, akafungua ile sura, akanionyesha swali lenye maji kilo mbili ya digrii 80 na maji kilo sita ya digrii 20. Hakuandika fomula. Alisema kwa Kikamba, moja kwa tatu, themanini na sitini ni mia moja arobaini, gawanya kwa nne, 35. Halafu akauliza, “Hii ni ya kuoga nani? Itakuwa baridi kwake.”

Susu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba pale kivulini, akasikia. Miguu yake ilikuwa kwenye kitambaa, imekauka vizuri katikati ya vidole kama muuguzi alivyoagiza, rangi yake ya kawaida.

“Mwambie aongeze jagi,” akasema.